Udongo wa Kibonde cha Mikuyu

Ipagala, Dodoma
21 Januari 2024

Dada Lydia,

Shikamoo. Sisi wa huku tunapumua, ingawa joto linataka kutumaliza. Mke wangu Erica anakusalimu. Binti yetu Lea anasema umtumie tena karanga. Zile za mwisho alizificha chini ya kitanda mpaka panya wakamsaidia. Mguu wa Mama je? Usinijibu "anaendelea vizuri" kama kawaida yako. Niambie kama anatembea.

Boksi la chupa nimelipokea stendi, zote nzima. Najua unachoka kupanda msituni kila baada ya mvua kunikingia maji yanayochujika chini ya majani, na najua majirani wanakucheka. Lakini maji yako, dada, yana rangi ya chai kavu, na rangi hiyo ndiyo kazi yangu yote. Majani yanaanguka, yanaoza, mvua inapita ndani yake na kushuka na kaboni iliyoyeyuka pamoja na chakula cha mimea. Wenzangu wa maabara walidhani nimechovya majani ya chai kwenye chupa.

Huku mtaani mambo yananitia kichefuchefu. Kila nyumba mpya inataka bustani ya ukoka. Jirani yangu Respicius anamwagilia nyasi asubuhi na jioni, na bomba letu linatoa maji siku linapopenda. Nyasi zenyewe haziliwi na mbuzi wala na mtu. Juzi kashushiwa viroba vya udongo mweusi, nikapita karibu nikaisikia harufu, nikajua ni wa msituni. Watu wanauchuna mlima ngozi wakaitandike uani ili wapate pa kupigia picha.

Sasa jambo langu. Nimekuomba mara ngapi uweke chupa kwenye kibonde cha mikuyu, kule juu? Kila nikiuliza unanijibu habari za mahindi. Majani ya pale ni mengi kuliko popote, na bila maji yake kazi yangu ina tundu katikati. Kuna nini kule?

Mdogo wako,
Gerson

Kibakwe
11 Februari 2024

Mdogo wangu Gerson,

Marahaba. Mama anatembea mpaka jikoni, akifika huko anatukana moshi, kwa hiyo yuko salama. Karanga nimeziweka kwenye boksi, juu ya chupa. Mahindi yamesimama vizuri ila mvua imezidi, njia ya chini imekatika, na basi linatuacha ng'ambo ya korongo tunavuka kwa miguu.

Ulisema Dodoma wanachuna mlima. Basi jua kwamba mlima wenyewe ni wetu. Kaka yetu Silvano ndiye anayeleta lori la fuso. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, msitu uko chini yake, na amewaruhusu watu wa mjini waingie na reki na makoleo. Wanakwangua majani, wanakwangua udongo mweusi chini ya majani, wakifika kwenye udongo mwekundu wanasogea mbele. Nilipita jana. Mizizi iko nje kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Wanakula pale pale, wanajisaidia pale pale, wameacha mifuko ya nailoni kila mahali. Nilitema mate, kisha nikaona hata kutema mate pale ni kuwasaidia kuchafua.

Kuhusu chupa ya kibonde cha mikuyu, siweki. Kule ni pa wanawake. Wewe ni mwanamume, basi ishia hapo, na usimuulize Mama.

Ila nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike kwa karatasi, maana simu ya hapa nyumbani inasikilizwa na kila mwenye masikio. Fuso linasogea kule juu. Lazima kibonde kile kisiguswe. Mimi sababu yangu siwezi kuitamka mbele ya Silvano, na nikitamka neno nusu atataka lote. Wewe unazo sababu zako za kaboni. Mwandikie. Mtishe kwa kitaalamu. Anakuogopa kidogo kwa sababu ya shule.

Dada yako,
Lydia

Ipagala
3 Machi 2024

Dada Lydia,

Shikamoo. Karanga zimefika, nyingine nimezila mimi kabla Lea hajarudi kutoka shule. Erica alikuwa na malaria lakini amepona, sasa anatafuta pa kupanda mchicha, udongo wa uani kwetu ni kokoto tupu.

Nimemwandikia kaka Silvano kurasa tatu. Nimemweleza kwamba msitu hauna ghala jingine zaidi ya yale majani. Chini yake ni udongo mwekundu, umechoka tangu zamani. Mti unakula kile ulichoangusha mwenyewe mwaka juzi: jani linaoza, wadudu na kuvu wanalimeng'enya, mvua inabeba naitrojeni na fosforasi kuvipeleka mizizini, mti unachipua jani jipya, nalo linaanguka. Ukiondoa majani umekata mzunguko. Mashamba ya maharage huko bondeni nayo yanalishwa na maji hayo hayo ya rangi ya chai, na watu wanadhani ni bahati ya bonde.

Nilimkazia hasa kibonde cha mikuyu. Nikamwambia kwamba, kwa jinsi nilivyopima pembeni yake, udongo wa pale lazima ndio bora kuliko wote mlimani, kwa hiyo ndio wa mwisho kuguswa. Nadhani nimeandika vizuri. Hata Erica alinisifu.

Sikuelewi lakini, dada. Pa wanawake maana yake nini? Kama ni mambo ya matambiko, sema tu. Sitacheka.

Gerson

Kibakwe
28 Machi 2024

Gerson,

Mama hajambo.

Ulimwambia nani maneno yale? Ulimwambia mfanyabiashara kwamba bidhaa bora kuliko zote iko juu pale! Silvano aliita watu nyumbani kwake akaisoma barua yako kwa sauti, akaruka yote uliyosema juu ya mvua na maharage, akafika pale pa udongo bora akapasoma mara mbili. Akasema, "Mnaona? Msomi wetu mwenyewe amepima." Wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi yenyewe wanaiuza.

Kesho yake wakapanda. Tulikwenda wanawake tukakaa njiani. Wifi Anjelina, mke wa Silvano mwenyewe, alikaa katikati kabisa. Silvano akauliza, "Shida nini?" Tukanyamaza. Akauliza tena kwa upole, maana alikuwa na wageni wa mjini, anataka kuonekana muungwana. Tukanyamaza. Vijana wa reki wakacheka, wakatuzunguka wakapita kichakani. Mmoja aliniambia, "Mama, jua litakuchoma."

Wamechukua kibonde chote. Mikuyu imebaki imesimama kwenye udongo mwekundu. Mvua ya jana imepita pale, na maji ya kijito yameshuka meupe kabisa. Silvano akajaza glasi akawaonyesha watu: "Mlikuwa mnakunywa chai, sasa mnakunywa maji." Nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Chupa sikukingii tena. Usiniandikie juu ya chupa.

Lydia

Ipagala
5 Mei 2024

Dada Lydia,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana.

Maji meupe si maji mazuri, dada. Ni maji yasiyokuta kitu cha kubeba. Nilitaka kukueleza hilo tu, nikuandikie kama mtaalamu, kisha ninyamaze. Sasa siwezi.

Baada ya Pasaka kaka Silvano alipita hapa na fuso lake. Alikuwa na furaha, alimletea Lea soda. Akatushushia viroba vinne. "Udongo wa nyumbani," akasema, "shemeji apande mboga, nanyi mjue siwasahau." Nilitaka kukataa. Nilisimama mlangoni nikiwa na neno la kukataa mdomoni, kisha nikaona Erica ameshapeleka mkono ndani ya kiroba, anaunusa udongo kama mtu aliyepokea mgeni wa kwao. Nikavibeba viroba hadi uani.

Alitengeneza tuta moja kwa viroba viwili. Mchicha uliota kwa haraka ya kutisha, majani mapana, mekundu kwenye shina. Tumeula wiki nzima. Lea, ambaye mboga kwake ni ugomvi, aliomba aongezewe. Mimi nilikuwa nawaeleza mezani, kwa majivuno, jinsi naitrojeni inavyopanda kwenye jani.

Jumamosi iliyopita Erica alifungua kiroba cha tatu. Nilikuwa ndani. Nilimsikia ameacha kuimba. Nilipotoka alikuwa amepiga magoti, kiganjani ana uzi uliooza wenye shanga ndogo za bluu na nyeupe, na vitu vingine vyembamba kama njiti za kiberiti. Nikamwambia ni mifupa ya ndege. Nikasema labda tumbili. Hakunitazama. Aliziweka shanga kwenye kanga yake, akaenda ukutani akatapika, akatapika mpaka hana cha kutapika. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo haya naandika: "Muulize wifi alimlaza wapi mtoto wangu."

Dada, unamkumbuka Nathanaeli wetu wa kwanza. Tulikuja kwenu Krismasi ile Erica akiwa mjamzito, akajifungua kabla ya wakati hapo hapo kwa Mama, na mtoto alikaa nasi wiki chache. Nilikuwa nimekwenda Mpwapwa kutafuta dawa. Nikarudi nikaambiwa, "Amelazwa vizuri, usiulize." Nikatii, maana ndivyo nilivyolelewa, na tangu siku hiyo sijauliza.

Sasa nauliza. Sijapeleka kitu chochote maabara. Siwezi kuugusa udongo ule, na kazi yangu ni udongo. Nikinawa mikono nauona bado. Nikiiona sahani ya mboga, yoyote, hata ya jirani, naisukuma mbali.

Uliniambia "pa wanawake". Niambie lililobaki.

Gerson

Kibakwe
2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako na nimelia nayo.

Nakuandikia jambo ambalo mwanamke wa kwetu hamwandikii mwanamume. Mtoto asiyeota meno hazikwi na wanaume. Hatangaziwi msiba, hawekewi kaburi wala msalaba. Mchungaji analijua hilo na hutazama pembeni. Shangazi yake ndiye anayembeba. Anakwenda naye kibonde cha mikuyu, penye majani mengi na unyevu, anamlaza chini ya udongo laini akiwa na shanga zake za kiunoni, anamfunika kwa majani, anarudi bila kugeuka. Anawekwa mahali pa laini ili arudi upesi tumboni mwa mama yake. Mama haambiwi ni wapi hasa, kwa sababu akipajua atakwenda kulia pale na mtoto atashindwa kuondoka. Mwanamume haambiwi kabisa. Ndivyo tulivyowatunza, kwa kunyamaza, na ndivyo kunyamaza kulivyowapakia kwenye fuso.

Ndiyo, Gerson. Nilimbeba Nathanaeli mimi. Alikuwa mwepesi. Nilimlaza upande wa juu, karibu na mkuyu uliopinda. Shanga zake zilikuwa bluu na nyeupe, lakini mwambie Erica ukweli wote: shanga za bluu na nyeupe zilikuwa ndizo pekee dukani kwa Shaaban kwa miaka mingi. Watoto wengi kule wanazo. Sijui uliyempata ni nani. Nisingekudanganya katika hili.

Nilipomaliza kusoma barua yako sikuweza kutulia. Nilikwenda kwa Silvano siku ya kikao cha ukoo, nikaingia wanaume wakiwa wamekaa, nikasimama. Nikawataja. Nilianza na wangu wawili. Nikataja wa kila mwanamume aliyekuwa pale, kwa jina la baba: wa Gideoni mmoja, wa Ernest mmoja, wa Masudi mmoja ingawa yeye huzika kwa dini yake, mkewe alituletea kwa siri. Wa Silvano, wawili, mapacha, wale waliotangulia kabla ya watoto wake wakubwa. Nikasema, "Hao ndio mmewauza waoteshe nyasi." Wifi Anjelina alikuwa mlangoni. Alikuwa hajui wake walilazwa wapi. Alisikia pamoja na wanaume. Siku ile ya njiani alikaa katikati kwa sababu tu ni pa wanawake, kumbe alikuwa amekaa miguuni mwa wanawe.

Wanaume walivua kofia. Ernest alitoka akajikunja nyuma ya zizi. Nilidhani Silvano atalia. Unajua alichosema? "Mngesema." Nikamwambia, mila ya kutosema ndiyo aliyoapa kuilinda alipokalia kiti cha baba. Akafikiri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, kama naweza kumwonyesha watoto wanaishia wapi, ili fuso liendelee upande wa pili.

Gerson, nimezaliwa tumbo moja na mtu yule. Tangu siku hiyo nikimwona njiani najisikia nimekanyaga kitu. Chakula kikitoka nyumbani kwake nawapa kuku, na kuku nawaangalia vibaya.

Fuso limesimama, kwanza kwa sababu vijana wa reki wenyewe walikimbia waliposikia. Waliochukuliwa hatuwezi kuwafuata, wako chini ya ukoka wa watu tusiowajua. Ni wenu tu tunaojua walipo. Kwa hiyo viroba vile, vyote, na udongo wa tuta, na mchicha wake, virudishe. Usipunguze hata kiganja. Wanawake tumeshakubaliana. Tutawalaza upya pale pale, tufunike kwa majani tuliyookota mbali, na hatutagombana ni wa nani. Sisi wenyewe tutakuja kupokea ng'ambo ya korongo.

Mama anajua sasa kwamba umejua. Amekataa chai.

Dada yako,
Lydia

Ipagala
23 Juni 2024

Dada Lydia,

Shikamoo. Lea hajambo, anamuulizia Bibi. Tumemwambia mchicha umekomaa, hauliwi tena.

Barua yako nilimsomea Erica yote, sikuficha neno. Kesho yake niliita bajaji ya mizigo, nikachukua koleo ili nijaze viroba kama ulivyoagiza. Nilimkuta amekaa juu ya tuta. Nilimsihi, nikamweleza mlivyokubaliana. Nikamwambia pia, kwa ujinga wangu, kwamba udongo ule ukirudi mlimani utasaidia mikuyu. Akaniambia nisimtajie tena mikuyu wala kaboni ndani ya nyumba yake. Dereva wa bajaji alisubiri sana, kisha akaenda zake.

Koleo nimelirudisha stoo, dada. Anataka kukujibu mwenyewe, kwa hiyo namwachia karatasi.

Gerson

Wifi Lydia,

Shikamoo. Nakushukuru kwamba ulimbeba. Nilikuwa sijui kama kuna mtu alimbeba kwa mikono au walimtia kwenye kikapu. Mdogo wako angeweza kukueleza ni usiku wa siku ngapi nimewaza kikapu hicho, maana nilimuuliza siku moja akaniambia ninyamaze.

Sirudishi. Usikasirike, au kasirika, lakini sirudishi. Mlinifungia ndani nikiwa na maziwa yanamwagika, mkaniambia nikipajua hatarudi. Nilitii. Nilimzaa Lea. Sasa nimepajua, na Lea yuko hai anafanya hesabu mezani, kwa hiyo mila yenu imeniongopea au imemaliza kazi yake. Mnataka nimkabidhi kwa basi, awekwe tena mahali nisipoonyeshwa, chini ya mkono wa yule yule aliyempakia? Kinyaa nilichokuwa nacho kimeniisha kwa udongo. Kimebaki kwa watu.

Mchicha sikuung'oa. Hatuuli. Umekuwa mrefu, umetoa mbegu, naumwagilia maji ya kuoshea mchele. Viroba viwili vilivyobaki nimevimwaga pale pale taratibu kwa mikono, nikatandika majani makavu juu. Ulisema hujui ni nani. Mimi pia sijui. Nimeacha kutaka kujua. Waambie wanawake wa Kibakwe kwamba geti letu halifungwi mchana.

Mmoja ameshafika. Jumatano nilirudi sokoni nikamkuta dada Anjelina amekaa ukingoni mwa tuta na mfuko wake wa nguo, vumbi la safari bado liko miguuni. Hakuuliza kama ni wake, nami sikumuuliza. Analala na Lea. Asubuhi anaokota majani ya mwarobaini barabarani kabla wafagiaji hawajapita, anakuja kuyatandika.

Silvano amekuwa akipiga simu kuuliza mke wake anarudi lini. Jana nilichoka, nikampa Anjelina simu ajibu mwenyewe. Alisikiliza mpaka Silvano akamaliza yote.

"Sirudi," akamwambia. "Niko na watoto."

Wifi yako,
Erica